Gemu Zilizoanikwa Juu ya Bati

Kosa ninaloliandikia hapa ni la mtu kuyaacha macho yake mwenyewe na kuona kwa macho ya jirani. Hakuna sheria inayolihukumu, na anayelitenda hulala usingizi mzuri, kwa kuwa wote wanaomzunguka wametenda vivyo hivyo. Mimi nililiona likikua ndani ya kiangazi kimoja, kutoka vicheko vya barazani mpaka asubuhi ya Jumapili ambapo watu waungwana, watu wa misa na watu wa swala, walisimama katika ua wa kaka yangu wakiwa na wembe.

Nilikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi, nimepangiwa Songea, na kwa kuwa sikuwa na nyumba nilikaa kwa kaka yangu, mtaa wa Mshangano. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa duka. Ilikuwa miaka ile ambayo milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa. Sisi tuliokua tukipanga foleni ya sabuni, na kupewa sukari kwa kibali cha balozi wa nyumba kumi, ghafla tuliona rafu zimejaa vitu ambavyo hatukujua hata majina yake. Balozi wetu hakuwa tena na sukari ya kugawa. Aliendelea kuvaa shati lake la mifuko minne na kupita kila nyumba asubuhi, lakini watu walimsalimia wakiwa wanatembea, bila kusimama. Niliona jambo hilo wakati ule na sikulipa uzito.

Kaka alikuwa na desturi ya kwenda Dar es Salaam kufuata mzigo, na safari moja alirudi na katoni ya gemu za kushika mkononi. Kila moja ilikuwa na ukubwa wa kipande cha sabuni ya mche, rangi ya kijivu, ina kioo juu na vitufe chini. Ukiiwasha ilipiga wimbo mfupi, kisha vitofali vyeusi vikaanza kushuka ndani ya kioo, nawe ulitakiwa uvipange visiache pengo. Mstari ukijaa ulitoweka. Ukizidiwa, vitofali vilifika juu, gemu ikatoa mlio wa kushuka, wa huzuni, na mchezo ukaisha. Hapakuwa na kitu kingine ndani yake.

Kaka hakumuuzia mtu kabla mtu huyo hajaijaribu. "Bonyeza mwenyewe kwanza uamini," alikuwa akisema, na kumwekea mteja kidole gumba juu ya kitufe. Maneno hayo nitayarudia, kwa sababu yalikuja kugeuzwa ushahidi.

Wa kwanza kununua alikuwa Balozi. Wa pili alikuwa mwalimu mwenzangu wa hisabati. Wa tatu alikuwa fundi cherehani aliyeshonea barazani kwetu. Baada ya hao wakaja wengine wengi, wakulima waliokuwa wametoka kuuza mahindi, makarani, hata mpiga kengele wa kanisani. Miongoni mwao alikuwepo mjane mmoja mtu mzima, aliyeacha shamba la tumbaku Namtumbo baada ya mumewe kufariki na kuhamia nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alibonyeza, akacheza mpaka akashindwa, akacheka peke yake.

"Unamnunulia mjukuu, dada?" Balozi alimuuliza.

"Sina mjukuu. Nanunua yangu."

"Mtu mzima na kichezeo?"

"Na wewe ya kwako umemnunulia nani, mdogo wangu?"

Baraza zima likaangua kicheko, na Balozi naye akacheka, ingawa alichelewa kidogo.

Wiki hizo za mwanzo hapakuwa na kitu kilichosifiwa Mshangano kama gemu. Balozi alisema inafundisha uongozi, maana kiongozi naye kazi yake ni kumpanga kila mtu mahali pake. Mwalimu wa hisabati alisema inanoa akili, na mara baada ya hapo kila mwenye gemu alisema inanoa akili, kwa maneno yale yale, hata wale ambao sikuwahi kuwaona wakitaka akili zao zinolewe. Fundi alisema tangu aanze kucheza, vidole vyake vimekuwa vyepesi kwenye kitambaa. Mjane peke yake ndiye ambaye hakusema kitu. Nilipomuuliza anaionaje, alinitazama kama aliyeulizwa swali la kitoto. "Ni mchezo, Mwalimu. Nikichoka naweka."

Kisha betri zikaanza kuisha.

Msomaji aliyekulia kwetu anajua tunavyofanya betri ya redio inapochoka. Tunaitoa na kuianika juani, juu ya bati au juu ya ungo pembeni ya mahindi, ikipata joto inarudiwa na nguvu kidogo, tunasikiliza taarifa ya habari, kesho tunaianika tena. Ndivyo kila nyumba ilivyofanya, tajiri na maskini. Basi Balozi, gemu yake ilipofifia, aliona shida kufungua kile kifuniko kidogo chenye skrubu. Akaichukua gemu nzima, betri zikiwa ndani, akaiweka juu ya bati la jiko lake tangu saa nne asubuhi.

Jua la Songea katika miezi ile kabla ya mvua huunguza, ingawa jioni baridi ya milima ya Matogoro hushuka ukatafuta sweta. Mchana Balozi alipopanda kigoda na kuichukua gemu, kioo kilikuwa kimegeuka cheusi chote, kama jicho lililotiwa wino. Alibonyeza, hakuna kitu. Alikuja nayo dukani, kaka akaitazama, akakiri kwamba hajui. Balozi akaondoka nayo ameinamisha kichwa. Lakini jioni, baridi ilipoingia, weusi ukajikunja wenyewe taratibu kutoka pembeni kwenda katikati, kioo kikawa safi, na vitofali vikashuka kana kwamba hakuna lililotokea.

Leo najua, na yeyote aliyewahi kusahau saa ya kioo cha namna ile juani anajua, kwamba kioo hicho kikizidiwa na joto huwa cheusi na kikipoa hurudi. Wakati ule hakuna aliyejua. Balozi alitembeza habari nyumba kwa nyumba.

"Imekufa mchana, imefufuka jioni," alisema. "Mimi mwenyewe nimeiona."

Nilitazamia watu waogope. Kwanza hawakuogopa, walivutiwa. Wenye gemu wote, pamoja na wale ambao betri zao zilikuwa bado zina nguvu, walianika gemu zao juu ya mabati ili waone. Ukipita mtaani mchana ungeziona zimepangwa, vioo vyeusi vikitazama mbinguni. Jioni watoto walikusanyika kuzitazama zikirudi. Fundi aliwatania: "Sogeeni, sogeeni, Lazaro anatoka."

Mzaha huo uliishi siku chache tu. Jioni moja, saa ya magharibi, gemu ya mpiga kengele, iliyosahaulika ikiwa imewashwa, ilianza kupiga wimbo wake ikiwa peke yake juu ya bati. Hakuna aliyekuwa karibu nayo. Wimbo ukaisha, ukaanza tena, ukaisha. Betri iliyokufa ilikuwa imepata joto na kuhangaika kuamka, hilo tu. Lakini mke wa mpiga kengele alitoka jikoni akikimbia na mwiko mkononi, na kabla giza halijaingia tuliusikia mtaa wetu ukinyamaza kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia.

Kuanzia hapo maoni yaligeuka, na yaligeuka yote kwa pamoja, kama kundi la ndege linavyogeuka. Mwalimu wa hisabati aliniambia chumbani mwa walimu kwamba gemu inachosha akili. Tangu aanze kucheza anasahau majina ya wanafunzi. Nilimkumbusha alichokisema mwezi uliopita. "Sikuwa nimechunguza," alijibu, na macho yake yakahamia dirishani. Fundi alidai gemu ndiyo iliyomfanya ashone suruali ya mteja mguu mmoja ndani nje. Mwingine alisema mlio ule wa kushindwa si mlio, ni kilio, na kwamba kinalia kwa ajili ya mtu. Wakaanza kuulizana: kwa nini mwenye duka hakuweka hata gemu moja nyumbani kwake? Ukweli ni kwamba wifi yangu, aliyekuwa na ujauzito mkubwa, hakupenda kelele. Wakaulizana: kwa nini alitulazimisha kuweka kidole wenyewe? Mtu anayeuza sufuria humlazimisha mteja apike kwanza? Na katika maswali hayo lilifichwa swali jingine ambalo hakuna aliyelitamka: kwa nini yeye amepata haraka hivi?

Mjane alikuwa akicheza kibarazani kwake kila alasiri, watu wakipita upande wa pili wa njia.

Balozi alikuwa na mjukuu wa kike, mtoto mdogo aliyeanza tu kusema maneno yanayoeleweka, na mama yake aliishi hapo kwa Balozi. Mtoto huyo alipenda kukaa juu ya magoti ya babu yake akitazama vitofali vikishuka. Alhamisi moja alipata homa, Ijumaa akapata degedege. Habari ilipotufikia dukani, wifi aliketi chini pale pale aliposimama. Mimi sikuelewa kwa nini. Nilimhurumia mtoto, sikuwa nimefikiria jambo lingine.

"Mtoto yule akifa," wifi alisema, "watasema ni sisi."

Jumamosi asubuhi kaka alifungua mlango wa duka akakuta gemu imewekwa kizingitini. Akatazama huku na huku, hakuona mtu. Aliporudi kutoka kumwaga maji uani, zilikuwa gemu tatu. Mpaka saa sita mchana zilikuwa zimejaa hatua ya mlango, nyingine vioo vimefunikwa kwa majani, moja imefungwa kwa kitambaa chekundu. Hakuna mwenye gemu hata mmoja aliyeingia kudai fedha yake. Kama wangedai tungelala salama. Kaka alizitazama, kisha akazikusanya moja moja ndani ya katoni.

"Leo hii twende Maposeni," wifi alimwambia. "Tukae kwa baba yangu mpaka yapite."

"Nikiondoka leo nimekiri."

"Na ukikaa?"

Kaka akaanza kufunga madirisha ya duka, na mimi niliyekuwa nimesoma kuliko wote mle ndani nikamsaidia kufunga.

Lazima nieleze walichokuwa wakikiogopa. Kwetu mtu akituhumiwa uchawi hakupelekwa polisi. Alinyolewa. Walimshika, wakamnyoa nywele zote mbele ya watu, kisha wakamsindikiza kwa mganga akanywe dawa ya kumpoza. Wengi hawakupigwa hata kofi. Lakini nywele zikiota tena hazikurudisha kitu; mtu yule alikwishajulikana. Hakuna aliyenunua chumvi kwake, hakuna aliyeingia msibani kwake, na watoto wake walikua wakiitwa kwa kosa hilo. Nilikuwa nimemwona mzee mmoja wa namna hiyo kijijini kwetu nikiwa mdogo. Alikuwa akitembea katikati ya njia kwa sababu pembeni watu walimtemea mate.

Jumapili hatukwenda misa. Tuliisikia kengele, tukasikia imenyamaza, na baada ya muda tukasikia nyayo. Niliwahi kusikia kundi la watu likija kwa furaha, arusini au kwenye mpira, na siku zote sauti hutangulia. Hawa walikuja bila sauti. Nilichungulia dirishani nikaona nguo za Jumapili: makoti, vitenge vipya, rozari mikononi, na nyuma yao majirani Waislamu wenye asili ya Tunduru wakiwa na kofia zao. Niliwafahamu wote. Nilikuwa nikiwafundisha watoto wao kusoma.

Kaka alitoka mwenyewe, wifi akamshika shati mpaka kifungo kikakatika. Nami nilitoka nyuma yake.

Balozi alisimama mbele. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na nasema kwa haki kwamba alikuwa babu mwenye uchungu wa kweli.

"Kijana," alisema, "hatukuja kwa ubaya. Mtoto anaondoka. Umwachie."

"Mzee wangu, nimwachie nini? Sijamshika."

"Ulituambia tuweke vidole wenyewe."

"Nilitaka muone inavyofanya kazi."

"Tuliona!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma, na wengine wakarudia, "Tuliona!"

Fundi cherehani akasogea. Mkononi alikuwa na wembe, ule anaotumia kufumulia nyuzi, bado umekunjwa ndani ya karatasi yake. Mtu huyu alikuwa akila chakula cha mchana kwetu kila siku. Hakumtazama kaka usoni. "Kaa chini, ndugu yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Tukunyoe, twende kwa mtaalamu, yaishe. Ukikaa kwa hiari hakuna atakayekugusa vibaya."

"Na akikataa?" nilisikia sauti yangu ikiuliza.

"Mwalimu," Balozi alinijibu, "wewe rudi ndani kwa wifi yako. Hali yake si ya kushtushwa."

Hilo ndilo lililonitisha kuliko wembe, ule upole. Nilimtafuta mwalimu wa hisabati kati yao, nikamwona, nikamwita kwa macho. Akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikufunguka.

Kaka alikuwa ameanza kupiga magoti. Nataka hilo lieleweke. Hakuwa na hatia hata chembe, na bado magoti yake yalikuwa yakikunjika, kwa sababu wote waliokuwa mbele yake walikuwa na hakika na yeye alikuwa peke yake.

Watu wa nyuma walisogea wakapisha, na mjane akapita katikati yao. Alikuwa katika nguo za kazi, hakuwa ameenda misa, kanga kiunoni ina majivu. Mkono wa kushoto alishika gemu yake. Alifika mbele, akamsalimia wifi aliyekuwa mlangoni, kisha akaketi chini mavumbini pale alipotakiwa kuketi kaka. Akafungua kilemba. Nywele zake zilikuwa nyeupe, chache, na nilimwona mwanamke mmoja akifunika uso kwa aibu.

"Haya, fundi," alisema. "Anza na mimi."

"Shangazi, hapana," fundi alisema.

"Hapana nini? Huyu aliuza tu. Mimi nacheza nayo kila siku, mnaniona. Kama humu mna uchawi, mimi ndiye nimeula mpaka nikashiba. Ninyoe."

"Dada yangu," Balozi alianza, "jambo hili si la—"

"Na wewe njoo ukae hapa, mdogo wangu." Alipiga vumbi pembeni yake kwa kiganja. "Wewe ulinunua wa kwanza. Nani aliyemwonyesha mtoto gemu hiyo? Si alikuwa magotini kwako? Mpiga kengele, yako iliimba peke yake; kaa. Nani mwingine alikuwa nayo? Jana asubuhi zilikuwa zimejaa mlangoni hapa, zilikuja kwa miguu yake? Kaeni wote. Fundi, wembe wako unatosha vichwa hivi? Na cha kwako atanyoa nani?"

Mtu mmoja alicheka. Alikuwa kijana, kicheko kilimponyoka na akakimeza, lakini kilikuwa kimetoka. Niliona watu wa pembeni wakirudi hatua nyuma, wale waliokuwa na gemu, mikono yao ikiingia mifukoni. "Mimi yangu nilinunua kwa ajili ya shemeji," mmoja alimwambia jirani yake, ambaye hakuwa amemuuliza.

Fundi alibaki katikati na wembe wake, hajui aupeleke wapi.

"Mtoto yuko wapi?" mjane akauliza.

Mama wa mtoto, ambaye sikuwa nimemwona, alijibu kutoka ukutani. Alikuwa amemfunga mtoto mgongoni chini ya kitenge, na kichwa cha mtoto kilikuwa kimeanguka upande.

"Kwa nini hayuko hospitali?"

"Degedege, mama. Wanasema akichomwa sindano anakufa pale pale."

"Wanasema," mjane alirudia. Alijiinua kutoka mavumbini kwa shida, akashikilia goti. "Niliambiwa hivyo hivyo. Nikawasikiliza, nikazika. Wa pili alipopata, nikawasikiliza tena. Nikazika." Hakupaza sauti. "Kijana, baiskeli yako iko wapi?"

Aliyeulizwa alikuwa kaka.

Wifi alilia kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Alimng'ang'ania kaka mkono. "Usimguse! Akifia kwenye baiskeli yako wamekuua. Mwache mwingine ampeleke. Nakuomba, mwache mwingine." Alisema kweli, na kila mtu uani alijua kwamba amesema kweli. Kaka alimtazama mjane, akamtazama mtoto, akaenda nyuma ya nyumba akaileta baiskeli.

Safari ile kutoka Mshangano mpaka hospitali ninaiota mpaka leo. Mama alikaa nyuma kwenye keria amempakata mtoto. Kaka hakupanda, alisukuma, kwa kuogopa kuwaangusha. Mjane alitembea upande mmoja ameshika bega la mama, mimi upande wa pili. Na nyuma yetu, kwa umbali wa kutupa jiwe, walikuja wao, nguo zao za Jumapili zikichafuka vumbi. Hawakuwa wametuachia. Walikuwa wakisubiri waone. Kwenye mteremko mtoto alikakamaa, macho yakapinduka, povu likatoka mdomoni. Mama akapiga yowe, na nyuma yetu nikasikia nyayo zikiongeza mwendo.

"Sukuma," mjane alimwambia kaka. "Usigeuke. Sukuma."

Kaka alisukuma akilia bila sauti, jasho na machozi vikidondoka kwenye usukani. Nilihesabu Salamu Maria nikapotea, nikaanza upya, nikapotea.

Hospitalini muuguzi alimlaza mtoto, akamvua nguo, akamfuta kwa kitambaa chenye maji, akaandaa sindano. Balozi alikuwa amefika mlangoni anahema. "Asichomwe!" alisema. "Mama yake akatae! Mwanangu, kataa!" Nyuma yake mlango ulijaa nyuso. Muuguzi akamtazama mama, sindano mkononi. Mama akamtazama mjane, na sisi sote tukamtazama mjane tukimngojea aamue.

Hakuamua. Alisema, "Mtoto ni wako. Umekaa naye tangu Alhamisi, hukulala. Usinitazame mimi. Mtazame yeye. Unaona nini?"

Yule binti akageuka akamtazama mwanawe.

"Naona anakufa," alisema.

Kisha akamwambia muuguzi, "Mchome."

Tulikaa nje kwenye nyasi. Jua lilipanda, likapita kichwani. Kaka aliketi kivulini mwa ukuta, na fundi aliketi hatua chache kutoka kwake, karatasi ya wembe ikionekana mfukoni mwa shati lake. Kila mlango ulipofunguliwa niligeuka kutazama. Nilifikiria nitamwambia nini wifi. Nilifikiria mtoto aliye tumboni mwake atakuja kuitwa nani. Sijawahi tena kuogopa kwa namna hiyo, na nimeshapita katika mambo ambayo wengine wangeyaita makubwa zaidi.

Alasiri mama wa mtoto alitoka. Uso wake ulikuwa umevimba, na hatukuweza kusoma kitu. Alimpita Balozi, akampita fundi, akaja mpaka aliposimama mjane.

"Ameomba uji," alisema.

Ilikuwa malaria, kama ilivyokuwa kwa watoto wengi miaka ile. Watu waliondoka hospitalini mmoja mmoja, kila mtu njia yake, walioshika rozari na waliovaa kofia. Hakuna aliyemwomba kaka radhi. Fundi alirudi barazani Jumanne, akaweka cherehani yake mahali pake, na mchana wifi akampelekea sahani ya ugali kama kawaida, naye akala ameinama. Haikupita muda, wenye gemu wakaanza kuja mmoja mmoja kuulizia katoni. Balozi alisema wazi dukani kwamba yeye tangu mwanzo alijua ni kichezeo tu. Mwalimu wa hisabati alisema kinanoa akili, kikitumiwa kwa kiasi. Kaka aliwarudishia gemu zao, kisha akaacha kuziuza.

Sisi hatukupona haraka kama mtoto. Wifi alijifungua salama, lakini kwa miaka mingi aliposikia nyayo za watu wengi njiani aliinuka akafunga mlango. Mimi niliendelea kufundisha watoto wa watu wale kusoma, na niliwafundisha vizuri, ingawa nilipowasalimia wazazi wao nilijikuta nikitazama mikono kabla ya nyuso.

Nimesoma vitabu vingi tangu wakati ule, vya watakatifu na vya wanafalsafa, nikitafuta maelezo ya jinsi mtu mmoja anavyoweza kubaki na macho yake mwenyewe wakati mji mzima umeyatoa ya kwake. Sikuyapata kwa namna inayoniridhisha. Najua tu kwamba wanafunzi wangu wengi nimewasimulia habari hii, na kila mara huniuliza aliyemwokoa kaka yangu alikuwa nani, wakitazamia padri, au daktari, au mkuu wa polisi. Nami huwajibu kwa jina pekee tulilokuwa nalo, kwani jina lake la ubatizo sikulijua mpaka nilipolisikia likisomwa kaburini. Sisi tulimwita Shangazi wa Namtumbo.